Je, Wajua? Kwa Nini Masafa ya Kati Hufika Mbali Zaidi Usiku

Kituo cha redio kinachorusha matangazo kwa kilohezi 1,000, katika masafa ya kati, hutoa mawimbi yenye urefu wa mita 300 hivi. Mchana mawimbi hayo husafiri yakiambaa na uso wa ardhi. Yale yanayopaa angani humezwa na sehemu ya chini ya ionosfia (eneo la juu la angahewa), iitwayo tabaka D, iliyo kati ya kilomita 60 na 90 juu ya ardhi. Hapo miale ya jua hung'oa elektroni kutoka kwenye chembe za hewa. Wimbi likipita huzitikisa elektroni hizo, nazo hugongana na chembe za hewa, na nguvu ya wimbi hupotea kama joto.

Jua likizama, elektroni huungana tena na chembe hizo upesi, na tabaka D karibu hutoweka. Mawimbi hupanda hadi tabaka za juu, ambazo huyapinda na kuyarudisha ardhini mamia ya kilomita kutoka mnarani. Kwa hiyo vituo vya mbali huanza kuingiliana, na nchini Marekani vingi hulazimika kupunguza nguvu ya mitambo usiku.

Edward Appleton wa Uingereza alithibitisha kuwapo kwa ionosfia mwaka 1924, kazi kubwa iliyompa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1947. FM, yenye megahezi 88 hadi 108, kwa kawaida huipenya ionosfia na kupotelea angani, hivyo hutegemea mawimbi yanayomfikia msikilizaji moja kwa moja; ndiyo maana minara yake mara nyingi hujengwa vilimani.