KUMTAMBUA PEREGE KABLA YA KUMTIA BWAWANI

Katibu wa chama cha msingi hapokei gunia la korosho ghalani kabla ya kuliangalia na kulitia katika daraja lake. Bwawa la samaki lastahili uangalifu uleule. Wanachama wa Ndanda na bonde la Lukuledi, walioko chini ya uwanda wa Makonde, wanaweza kuchimba mabwawa palipo na maji ya kudumu. Lakini jina "perege" hubeba samaki wa aina nyingi, na si kila aina yafaa kuingizwa katika maji ya kusini.

Alama za jamii yake

Perege ni wa jamii ya sikilidi. Samaki wa jamii hii ana tundu moja tu la pua kila upande, ambapo samaki wengi wengine wana mawili. Mstari wa ubavuni hauendi moja kwa moja, bali umekatika sehemu mbili. Pezi la mgongoni ni moja: mbele lina miiba migumu, nyuma ni laini.

Uzazi wake

Dume huchimba shimo la duara chini ya maji na kulilinda. Jike hutaga humo, kisha huyakusanya mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe. Hata baada ya hapo, watoto hukimbilia kinywani mwa mama wanapoona hatari. Muda huo wote jike hula kidogo sana. Kwa hiyo dume hukua upesi zaidi.

Tena perege huanza kuzaa akiwa bado mdogo. Bwawa likiachwa bila kuvuliwa hujaa watoto, chakula hakitoshi, na wote hudumaa. Ndiyo sababu wafugaji wengi hutenga madume peke yao. Chini ya tumbo, karibu na pezi la nyuma, dume ana matundu mawili, na jike ana matatu.

Wenyeji na wageni

Mto Ruvuma una perege wake, Oreochromis placidus rovumae, aliyeelezwa na mtaalamu Ethelwynn Trewavas mwaka 1966. Katika maziwa ya Rutamba, Nambawala na Mitupa, mkoani Lindi, yumo Oreochromis korogwe, ambaye ndugu zake wako mbali kaskazini, katika bonde la Pangani.

Sato, yaani Oreochromis niloticus, ni mgeni katika maji hayo. Alama yake kubwa ni mistari myembamba iliyosimama, iliyopangika vizuri katika mkia wote. Mgeni wa pili ni Oreochromis leucostictus, mweusi mwenye madoa meupe mwilini na katika mapezi. Wote wawili wamekwisha enea katika mabonde mengi ya mito ya Tanzania.

Hatari ni kwamba wageni huzaana na wenyeji. Machotara huwa na alama zilizochanganyika, na jicho peke yake haliwezi kuwatambua kwa hakika. Katika Ziwa Viktoria, sato na samaki wengine wageni waliingizwa katika miaka ya 1950. Ngege, aliyekuwa tegemeo la wavuvi, karibu atoweke katika ziwa kuu; alisalia zaidi katika maziwa madogo ya kandokando. Sababu zilikuwa zaidi ya moja, ukiwemo uvuvi uliozidi na sangara, lakini sato alikuwa mmojawapo.

Wajibu wa chama

(a) Katibu aandike katika daftari vifaranga wametoka wapi, ni wa aina gani na ni wangapi.

(b) Afisa Uvuvi wa wilaya aulizwe kabla ya kununua, si baada yake.

(c) Bomba la kutolea maji liwekwe wavu imara, na bwawa lisichimbwe mahali panapofikwa na mafuriko.

(d) Vifaranga waliobaki wasimwagwe mtoni.

Gunia la korosho mbaya laweza kurudishwa kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Samaki aliyetoroka hadi Lukuledi au Ruvuma hana wa kumrudisha.