Vipaumbele vya Mgombea wa Wadi katika Mitaa ya Mabanda: Waamini Wavipime kwa Kipimo Gani?

Tarehe 27 Novemba 2015 Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alikutana na wakazi wa Kangemi, jijini Nairobi, katika Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Katika hotuba yake alitaja kwa majina mambo ambayo wahubiri wengi huona haya kuyataja kanisani: vyoo, mabomba ya majitaka, mitaro, ukusanyaji wa takataka, umeme, barabara, shule na hospitali. Alifundisha pia kwamba kuinyima familia maji kwa kisingizio chochote cha kiofisi ni dhuluma kubwa, na zaidi pale mtu anapojitajirisha kwa shida hiyo.

Mengi katika orodha hiyo ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo mtu anayeomba kura za wadi katika maeneo kama Kangemi, Mathare au Mukuru anaomba, kwa kweli, nafasi ya kusimamia mambo yale yale aliyoyataja Baba Mtakatifu. Uchaguzi Mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, nao wagombea wameanza kuonekana kwenye mazishi na harambee. Kila mmoja atakuja na vipaumbele vyake. Inafaa basi waamini wajue ni kipi kati ya hivyo kimo ndani ya uwezo wa mwakilishi wadi na kipi ni mapambo.

Mwakilishi wadi, ambaye wengi bado humwita diwani, ni mbunge wa kaunti. Nairobi ina wadi 85, na kila moja humchagua mmoja. Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 185, inalipa bunge la kaunti mamlaka ya kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inamtaka mwakilishi awe karibu na wananchi na kuyafikisha maoni yao bungeni, kisha inamkataza waziwazi kushiriki katika kazi za utendaji. Maana yake ni kwamba yeye hajengi barabara, hachimbi kisima wala haajiri wauguzi. Hupitisha bajeti, huuliza maswali, huwaita maofisa wa kaunti wajieleze mbele ya kamati. Anayewaahidi watu kwamba "nitawajengea" amekwisha kuitaja kazi ambayo sheria haikumpa, na huenda akawa hajui anachokiomba.

Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi kati ya ngazi mbili za serikali. Kaunti imepewa huduma za afya za kaunti, barabara za kaunti na taa zake, masoko, chekechea na malezi ya watoto wadogo, uondoaji wa takataka, zimamoto, upangaji wa maeneo, maji na usafi, pamoja na mitaro ya maji ya mvua katika maeneo yenye majengo. Polisi wako chini ya serikali ya taifa, na vivyo hivyo shule za msingi na za sekondari. Mgombea wa wadi anayeweka usalama juu ya orodha yake anagusa hofu ya kweli ya watu wetu, lakini chombo alichonacho mkononi ni taa za barabarani na vichochoro vinavyopitika. Ayaseme hayo.

Tukae kidogo kwenye maji, maana hapo ndipo unyonge wa mtaa wa mabanda huonekana wazi kuliko mahali pengine. Tuchukue mfano wa familia inayonunua mitungi mitano ya lita 20 kwa siku, kila mtungi shilingi 10. Kwa mwezi wa siku 30 imetumia shilingi 1,500 kwa lita 3,000 tu. Mwenye bomba ndani ya nyumba hulipa sehemu ndogo ya fedha hizo kwa maji kiasi kile kile, naye hapangi foleni. Maskini hulipa zaidi kwa kupata kidogo, na kuna watu wanaoishi vizuri kwa tofauti hiyo.

Mgombea atasema, "Nitaleta maji." Swali linalofaa kumwuliza ni: bomba litapita wapi? Katika mitaa hii ardhi nyingi haina hati, nyumba zimejengwa juu ya njia zilizotengwa kwa ajili ya barabara na mabomba, na kampuni ya maji husita kuzika bomba mahali ambapo kesho huenda likazozaniwa mahakamani. Wakazi wengi ni wapangaji. Mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi mbali, na pengine ndiye anayeuza maji yale ya mitungi, au ni jamaa wa mgombea mwenyewe. Huduma inapoletwa, kodi ya nyumba nayo hupanda, na yule mama aliyeipigania analazimika kuhama kabla hajalifurahia bomba lake. Mgombea aliyeyafikiria mambo hayo ataeleza vibanda vipi vitasogezwa, wenyewe watakwenda wapi, na mpangaji atalindwaje. Huyo asikilizwe hata kama hana kipaza sauti kikubwa.

Kwamba jambo hili linawezekana, mfano upo. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilizitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji. Wakazi wenyewe walikaa pamoja na wataalamu kujadili njia, mitaro, vyoo, zahanati na shule zipite au zikae wapi. Kazi ilikuwa ndefu, yenye mabishano, na haijawaondolea watu wa Mukuru shida zote. Hata hivyo mtaa uliokuwa doa tupu kwenye ramani za mipango ulipata mpango ulioandikwa, na fedha za umma hufuata maandishi. Papa Fransisko alisisitiza pale Kangemi kwamba mitaa hii iunganishwe na jiji kwa heshima, isifutwe wala isionewe huruma ya juu juu. Upangaji wa pamoja na wakazi uko karibu sana na wazo hilo, na mgombea anayelitaja amefanya kazi ya nyumbani.

Mitaro nayo isidharauliwe. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu na kuzibomoa nyumba kandokando ya mito ya Nairobi, kisha serikali ikabomoa nyingine zilizokuwa ndani ya mita 30 za mto. Familia zilipoteza makao mara mbili, kwanza kwa maji na baadaye kwa tingatinga. Mtaro haupigiwi makofi siku ya kuzinduliwa, wala hauna mahali pa kuandika jina la mheshimiwa. Labda ndiyo sababu huonekana mara chache katika mabango ya kampeni.

Kuna pia suala la wakati. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Serikali ya kaunti hupeleka makadirio ya bajeti bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, nalo bunge huyapitisha kabla ya mwisho wa Juni. Atakayechaguliwa Agosti 2027 ataikuta bajeti ya mwaka huo imekwisha kupitishwa na bunge lililomtangulia. Anaweza kuomba bajeti ya nyongeza, lakini anayeahidi kituo cha afya ndani ya siku 100 aulizwe fedha hizo zimeandikwa ukurasa gani. Bajeti yake ya kwanza ya kweli itakuwa ile itakayoanza Julai 2028, na maandalizi yake huanza miezi mingi kabla, katika mikutano ya hadhara ambamo mara nyingi viti hubaki vitupu.

Mafundisho ya jamii ya Kanisa yanatupa vipimo viwili hapa. Upendeleo kwa maskini unauliza ni nani atakayefikiwa kwanza, aliye kando ya lami au aliye bondeni. Kanuni ya auni inafundisha kwamba jambo linaloweza kufanywa vema na walio karibu nalo lisinyakuliwe na walio juu, na kwamba walio juu wawasaidie walio chini wanapolemewa. Mgombea anayetaka kila kitu kipitie mkononi mwake, tangu basari hadi kibali cha kuuza mboga, anawafanya watu kuwa waombaji wa haki zao. Ibara ya 43 ya Katiba inataja maji safi, makao na usafi kuwa haki za kila mtu.

Parokia haina mgombea. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 285, inawakataza makleri kushika nyadhifa za utawala wa kiraia, na altare si jukwaa la kampeni. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi alikataa mchango ambao Rais William Ruto aliutoa katika kanisa katoliki la Soweto, akaagiza urudishwe. Wapo waliolalamika kwamba parokia ya watu wa kipato kidogo imenyimwa msaada. Tukubali kwamba hasara ile ilikuwa ya kweli, maana walei wa hapo ndio wangejazia pengo. Lakini jumuiya iliyopokea bahasha itapata wapi ujasiri wa kuuliza habari za bomba?

Walei, kwa upande wao, wanao wajibu ambao Katekisimu inautaja katika namba 2240: kulipa kodi na kupiga kura ni sehemu ya uwajibikaji kwa manufaa ya wote. Jumuiya ndogo ndogo zinaweza kuwaalika wagombea wote wa wadi, bila kubagua chama, nje ya ibada na nje ya kanisa, na kumpa kila mmoja dakika zile zile na maswali yale yale. Majibu yaandikwe katika daftari la jumuiya, pamoja na tarehe, na daftari hilo likabidhiwe kwa katibu atakayefuata, ili lifunguliwe tena Aprili 2028 makadirio ya bajeti yatakapokuwa mezani.