Shahidi Aliyemo Ndani ya Maji ya Kivu

Askari wa doria katika Ziwa Kivu, upande wa Gisenyi wilayani Rubavu, anajua ugumu wa kulinda mali asiyoiona. Mtumbwi huonekana, na wavu haramu huonekana. Lakini samaki wamo chini ya maji, na aina ngeni ikiingia, kwa kawaida hugunduliwa ikiwa imekwisha enea.

Kivu lina historia hiyo. Sambaza, ambao leo ni riziki ya wavuvi wengi, si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika alionekana humo, na wataalamu wakaingiwa na hofu kwamba angeshindana na sambaza kwa chakula. Hatari ya namna hiyo haitambui mpaka: kinachoingia Goma kitafika Gisenyi.

Elimu ya sasa imeleta njia ya kuvitambua viumbe bila kuvikamata. Kila kiumbe cha majini huacha vinasaba vyake katika magamba, ute na kinyesi. Mtaalamu huchota maji na kuyachuja, kisha maabara hurudufu kipande maalumu cha vinasaba vilivyonaswa. Mashine husoma vipande vya aina nyingi kwa pamoja, navyo hulinganishwa na daftari la viumbe wanaojulikana. Ndivyo polisi wanavyolinganisha alama za vidole zilizopatikana katika chumba walimopita watu wengi. Wazo la kutambua aina kwa kipande kifupi lilienezwa mwaka 2003 na Profesa Paul Hebert wa Kanada pamoja na wenzake.

Hata hivyo, daftari lenye pengo hutoa jibu lenye pengo. Utafiti wa Ziwa Tanganyika uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba samaki walio ndugu wa karibu huhitaji vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili yao. Tena, vinasaba havitaji idadi kamili ya samaki, wala havithibitishi kwamba samaki yu hai. Aliyeoshwa ufukoni huacha alama ile ile.

Chupa chafu nayo huzaa shahidi wa uongo. Kwa hiyo wataalamu hupima pia chupa ya maji safi: ikionyesha samaki, ni dhahiri kwamba uchafu umeingia. Askari anaifahamu kanuni hiyo. Kielelezo hufungwa, huandikwa mahali na saa, na kila mkono uliokipokea hujulikana. Bila hayo, kesi huanguka.

Chombo hiki, basi, hakimwondoi askari majini. Humwonyesha pa kuelekeza macho mapema. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika ziwa, ufa huo hauonekani kwa macho, na ukuta wake ni nyavu zirudizo tupu.