Majarida ya Sayansi Yalivyotulea Manyatta

Wako watu ambao wakisikia neno sayansi hudhani ni kitu cha maabara, chupa na makoti meupe. Huku kwetu Manyatta, katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, wengi wetu tuliokuwa watoto katika miaka ya 1970 hatukuiona maabara hata siku moja kabla ya kuingia shule ya sekondari. Hata hivyo sayansi ilitufikia mapema. Ilitujia katika majarida makuukuu ambayo kaka yangu mkubwa, aliyekuwa fundi Nairobi, aliyanunua kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, akayatia kikapuni kila alipokuja likizo.

Mawili kati ya hayo yalikuwa mashuhuri. Popular Science lilianza kutolewa Marekani mwaka 1872. Popular Mechanics lilianzishwa na Henry Haven Windsor mjini Chicago mwaka 1902, kwa nia kwamba mtu yeyote ajuaye kusoma aelewe jinsi mashine zinavyofanya kazi. Yote mawili ni makongwe kuliko mji wa Embu, ambao Waingereza waliuweka mwaka 1906! Tulipoyapata yalikuwa yamepitia mikono mingi, na mengine hayana jalada. Hilo halikutusumbua. Mchoro wa injini iliyokatwa katikati ili matumbo yake yaonekane haupungui utamu kwa kuwa na doa la chai.

Ndugu msomaji, usidhani tuliyaelewa yote. Yaliandikwa kwa mtu mwenye gereji nyuma ya nyumba, umeme ukutani na duka la vifaa jirani. Sisi tulikuwa na panga, jembe na bisibisi moja ya kuazima. Lakini jarida la namna hiyo humfundisha mtoto jambo kubwa kuliko kutengeneza meza. Humfundisha kuuliza: kwa nini?

Chukua mawe ya redio. Kila nyumba ilijua kwamba yakichoka huanikwa juani, na jioni redio husema tena kwa muda. Wazee walisema jua huyatia nguvu mpya. Kumbe sivyo. Ndani ya jiwe kuna kemikali zinazotoa umeme zinapobadilika, na joto huharakisha mabadiliko hayo. Jua halikuongeza kitu, lilikamua tu yale mabaki. Nilipomweleza babu habari hiyo, alicheka akasema, "Basi ni kama ng'ombe mzee, humkamua mpaka tone la mwisho." Naam, alikuwa ameelewa kabisa, bila kusoma neno moja la Kiingereza.

Halafu kuna maji. Mto Rupingazi hushuka kutoka mlimani, ukapita kwetu, ukaingia Thiba, na Thiba hujiunga na Tana penye bwawa la Kamburu. Kituo cha umeme cha Kamburu kilianza kazi mwaka 1974, na cha Gitaru mwaka 1978. Kwa kutazama mchoro wa tabo, lile gurudumu linalozungushwa na maji, nilitambua kwamba maji tuliyoteka kwa mtungi asubuhi yalikuwa ndugu wa maji yanayowasha taa za Nairobi. Na sisi jioni tulisoma habari hizo kwa mwanga wa koroboi! Hapo ndipo nilipofahamu kwamba sayansi ina swali jingine ndani yake: inamfaidi nani?

La ajabu zaidi ni habari ya setelaiti. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wetu, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilibeba setelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo tu. Iliitwa Uhuru. Neno la Kiswahili liliingia katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, nasi watoto wa Kenya tulilisoma katika jarida lililotoka ng'ambo.

Hapo ndipo penye uchungu. Mama yangu alikuwa mkulima wa kahawa, na ugonjwa wa kuozesha matunda ulimtia hasara mwaka baada ya mwaka. Aliponiona nimeinama juu ya karatasi hizo aliuliza, "Mwanangu, hayo yanasema nini juu ya kahawa?" Hayakusema kitu. Wakati huo huo wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ruiru walikuwa kazini, na mwaka 1985 wakatoa aina ya Ruiru 11, inayostahimili ugonjwa huo pamoja na kutu ya majani. Hiyo ilikuwa sayansi ya nyumbani kabisa, lakini mkulima kama mama aliisikia kwa minong'ono ya kiwandani tu.

Isisemwe kwamba Kiswahili hakiwezi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Watanzania walikuwa na jarida lao la Ukulima wa Kisasa. Hapa Kenya, katika miaka ya 1980, shirika la CARE lilipeleka katika shule za msingi jarida la katuni la Pied Crow, lenye mafunzo ya udongo, miti na maji. Watoto walilipenda sana.

Siku hizi mambo yamebadilika. Popular Science liliacha karatasi mwaka 2021, na mwaka 2023 likakoma kuwa jarida. Vijana wa Manyatta wana simu, na simu ina habari nyingi kuliko vikapu elfu vya kaka yangu. Lakini mafuriko si kisima. Jarida lina mhariri anayechagua, anayepanga, na anayemjua msomaji wake kwa jina la kijiji. Tunahitaji la namna hiyo kwa Kiswahili, lenye michoro safi, liueleze mchai, mtambo wa maji na setelaiti kwa mkupuo mmoja. Wataalamu tunao, na maneno tunayo. Wasomaji wako pia, tena wengine ni akina mama ambao bado wanauliza habari za kahawa.