Kihispania kuanzia sifuri: ulichonacho tayari na usichonacho

Vitabu vingi vya Kihispania vinavyotumika mwaka wa kwanza chuoni viliandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa aina moja tu: anayezungumza Kiingereza. Ndiyo maana sura za mwanzo hujaza kurasa kueleza kwamba a ni a na e ni e, kwamba sifa hufuata jina, kwamba mtu anaweza kusema “nakula” bila kutanguliza “mimi”. Aliyekulia Tanga au Bukavu anayasoma hayo huku akipiga miayo, halafu anakuja kukwama pale ambapo kitabu kimepita mbio. Anayeanza Kihispania na Kiswahili kinywani, kwa maoni yangu, hana budi kugawa muda wake tofauti na jirani yake wa dawati.

Na muda wenyewe ni haba. Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wa nchi hiyo hukadiria wiki 30 za masomo ya kutwa kwa Kihispania na 36 kwa Kiswahili, na hapo inamkadiria mzungumzaji wa Kiingereza. Chuoni, somo la saa 4 kwa wiki katika mihula miwili ya wiki 14 ni saa 112, ukiacha sikukuu na majaribio yanayokula vipindi. Kwa saa hizo mtu huimaliza ngazi ya A1 na kuichungulia A2, katika zile ngazi sita ambazo Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania iliyoanzishwa 1991, hutumia kutoa diploma za DELE. Wanaokwenda kusomea udaktari Cuba, katika chuo cha ELAM kilichofunguliwa Havana mwaka 1999, hupewa kwanza masomo ya lugha kama hawaijui, maana anatomia haitawasubiri.

Tuanze na sauti, kwa sababu hapo ndipo akiba ilipo. Irabu ni tano, zilezile zetu. Herufi ñ ya niña ni ny ya nyanya. J ya trabajo inakaribia sana kh ya Khamisi. D ikiwa katikati ya irabu, kama katika todo, hulegea ikawa dh ya dhahabu. G ya agua nayo hulegea ikawa gh ya ghali. Z ya plaza, Madrid wataitamka kama th ya thelathini. Mexico na Bogotá wataitamka s, na hakuna aliyekosea. Mtu wa Unguja au Lamu ana sauti hizi zote tangu utotoni. Anayeita thamani “samani” naye asihuzunike, Amerika ya Kusini yote iko upande wake. Mwenye kazi ni yule anayechanganya r na l: pelo ni nywele, pero ni “lakini”, na perro, yenye r ya kutetemesha ulimi, ni mbwa.

Mkazo unahitaji uangalifu zaidi. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Kihispania hufanya vivyo hivyo kwa neno linaloishia kwa irabu, n au s. Mengine huukaza mwisho, kama hablar na ciudad, na neno linaloikiuka kanuni huandikwa na alama juu ya irabu. Alama hiyo wengi wetu huiona pambo tu. Hablo ni “nazungumza”, habló ni “alizungumza”. Anayesimulia aliyoyasema bosi wake kwa mkazo wa Kiswahili anajikuta ameyabeba maneno yote yeye mwenyewe.

Upatanisho wa sarufi hautakusumbua. Aliyezoea “vitabu vyangu vizuri vimepotea” hawezi kushangazwa na las casas blancas, na hajawahi kuuliza kwa nini kiti ni ki-. Ngeli za Kihispania ni mbili tu, ya kiume na ya kike. Shika kila jina pamoja na el au la yake, la sivyo la mano na el problema vitakuumbua.

Kuna jambo ambalo vitabu huliita gumu nami siachi kulitaja. Kihispania husema veo la casa, “naona nyumba”, lakini veo a María, “namwona Maria”. Ile a huingia kwa sababu mtendwa ni mtu mahususi. Kitazame Kiswahili chake: nyumba haina kiambishi, Maria amepata -mw-. Lugha zote mbili zinamtenga mtu na kitu kwenye nafasi ileile ya sentensi. Ukihisi kwamba kwa Kiswahili lazima useme “namwona”, “nilimsaidia”, “tunamtafuta”, na unayemsema ni mtu unayemjua, basi usiisahau a.

Sasa ser na estar. Vitenzi hivi viwili hutafsiriwa kwa neno moja katika Kiingereza, na mwalimu aliyechoka husema ser ni ya mambo ya kudumu, estar ya mambo ya kupita. Kanuni hiyo huvunjika mara moja mtu akifa, maana Kihispania husema está muerto, na hakuna la kudumu kuliko hilo. Mzungumzaji wa Kiswahili ana kipimo kizuri zaidi. Jiulize: kwetu jambo hili husemwa kwa “ni”, au kwa “yuko”, au kwa -me-? Juma ni daktari: es médico. Juma yuko Lima: está en Lima. Amechoka: está cansado. Amekaa: está sentado. Mlango umefungwa: la puerta está cerrada. Kikombe kimevunjika: está rota la taza. Amekufa: está muerto. Tunapotumia -me- kueleza hali aliyofikia mtu au kitu, wao mara nyingi huweka estar, kwa sababu wanachotazama ni matokeo ya tukio, liwe la dakika tano au la milele. Kipimo hiki kina mianya. “Ni mgonjwa” ni está enfermo, na sherehe itakayofanyika nyumbani kwangu hutumia es, ingawa ni habari ya mahali. Mianya hiyo ni michache, ikariri.

Wakati uliopita nao una siri yake. Kihispania kina njia mbili za kusimulia, na -li- yetu peke yake haitofautishi. Lakini tazama sentensi hii: “Nilikuwa nikisoma, simu ikalia, nikainuka.” Leía, sonó el teléfono y me levanté. Penye “nilikuwa niki-” wao huweka imperfecto. Penye -ka- huweka pretérito. Kabla ya kuandika insha ya likizo yako, isimulie kwanza kichwani kama hadithi ya bibi, yenye -ka- zake zote, na nusu ya makosa itapungua.

Subjuntivo ndiyo inayowaliza wenzako mwaka wa pili. “Nataka azungumze” ni quiero que hable: kwetu -a imekuwa -e, na kwao habla imekuwa hable. Kwa vitenzi vya -er na -ir mambo hugeuka, e huwa a, ila wazo ni hilohilo. Mtego uko pale ambapo sisi hatutumii -e na wao wanaitaka: “atakapokuja” ni cuando venga, na “sidhani kama atakuja” ni no creo que venga.

Msamiati haunitishi. Wareno walituachia meza na bendera, Kihispania kina mesa na bandera. Waarabu waliwapa azúcar nasi sukari, na hasta yao ni ndugu wa hata yetu.

Kinachohitaji jasho ni vitenzi visivyofuata kanuni. Kitenzi cha Kiswahili ni mtiifu mno hivi kwamba hatuna mazoea ya kukariri: tengo, tienes, tuve, tendré, vyote vya kitenzi kimoja, au fui ambayo ni “nilikwenda” na pia “nilikuwa”. Hapa ndipo pa kupeleka saa zote ulizookoa kwenye irabu na upatanisho. Ser, estar, ir, tener, hacer, decir, poder, poner, venir, querer, saber, dar: kwa sauti, nafsi zote, kila siku. Waliosoma Kihispania sekondari kisha wakajiandikisha kama wanaoanza watakuacha nyuma mwezi wa kwanza, wakijitambulisha kwa mbwembwe. Waache. Wengi wao husimama kwenye tuve kama wewe.

Zoeza pia sikio kwa lafudhi ya unakokwenda. Cuba na sehemu kubwa ya Karibiani humeza s ya mwisho wa silabi, na aliyezoea rekodi za Madrid atadhani watu wamebadili lugha. Dakika kumi za redio ya Havana kila usiku zina faida kuliko sura nzima ya kitabu. Kwa Cuba unaweza pia kuliacha umbo la vosotros, yaani “ninyi”, maana huko husema ustedes, isipokuwa kama mhadhiri wako ameliweka kwenye mtihani.