Taaluma Mbili kwa Mhusika Mmoja: Kanuni za Mchezo wa Uigizaji wa Mezani na Suala la Istilahi

Utangulizi

Mwezi wa Julai mjini Mweiga huwa na baridi kali. Ukungu huteremka kutoka Milima ya Nyandarua ukafunika barabara itokayo Nyeri kuelekea Nyahururu, na watu hupenda kukaa ndani. Katika likizo moja ya wakati huo, wanafunzi wanne tuliketi mezani tukacheza Dungeons & Dragons kwa Kiswahili. Karatasi ya kanuni tulikuwa tumejitafsiria wenyewe. Kabla ya saa moja kupita, mchezo ulikwama. Mwenzetu alidai kwamba mhusika wake alistahili kutumia sihiri ya "kiwango cha 3". Msimamizi alikataa. Kila mmoja aliweka kidole kwenye sentensi yake katika karatasi ile ile, na kila mmoja alikuwa na hoja.

Makala haya yananuia kueleza kanuni zinazomruhusu mhusika mmoja kuwa na taaluma zaidi ya moja, kisha kuonyesha jinsi uteuzi wa istilahi unavyoweza kuujenga au kuuvunja mchezo.

Mchezo wenyewe

Dungeons & Dragons ulitolewa mwaka wa 1974 nchini Marekani na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akiwa na mhusika wake. Msimamizi husimulia mazingira na matukio. Mchezaji hueleza mhusika wake anatenda nini. Pale penye shaka, dadu hutupwa. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona undugu kati ya mchezo huu na utambaji wa ngano: kuna fanani na hadhira, ila hapa hadhira nayo imo ndani ya hadithi.

Kila mhusika huwa na kazi aliyobobea: mpiganaji, kasisi, mwizi, msihiri na kadhalika. Kazi hiyo tuiite nini? "Tabaka" humpeleka msomaji wetu kwa mabwanyenye na wavuja jasho. "Ngeli" ni mali ya nomino. "Fani" katika uhakiki hukabiliana na maudhui. Napendekeza "taaluma", kwa kuwa ni jambo ambalo mtu hujifunza na kupanda ndani yake hatua kwa hatua. Mhusika anapopata alama za tajriba za kutosha, hupanda na kupewa uwezo mpya.

Je, mpiganaji akitaka kujifunza sihiri? Hapo ndipo kanuni za kuunganisha taaluma huhitajika.

Safari ya kanuni

Kitabu cha wachezaji cha mwaka wa 1978 kiliweka njia mbili. Wahusika wasio binadamu, kama vile elfu na mbilikimo, waliruhusiwa kufuata taaluma mbili au tatu kwa wakati mmoja. Alama zao za tajriba ziligawanywa sawasawa, hivyo walipanda polepole kuliko wenzao. Binadamu walipewa njia nyingine: kuiacha taaluma ya kwanza na kuanza ya pili kutoka chini. Sharti lilikuwa zito. Kipawa kikuu cha taaluma ya zamani kilihitaji alama 15, na cha taaluma mpya alama 17. Tena, aliyetumia ujuzi wake wa zamani kabla ya taaluma mpya kuipita ile ya kwanza alinyimwa alama za tajriba.

Toleo la tatu la mwaka wa 2000 lilivunja ukuta huo. Kila mhusika, awe binadamu au la, aliruhusiwa kuchagua taaluma yoyote kila alipopanda. Hata hivyo, aliyeziacha taaluma zake zipishane mno aliweza kukatwa asilimia 20 ya alama za tajriba. Toleo la nne la mwaka wa 2008 lilibana tena: mhusika alibaki na taaluma yake na kuazima uwezo mchache tu wa taaluma nyingine.

Toleo la tano la mwaka wa 2014 lilirudia uhuru wa mwaka wa 2000 bila adhabu ya tajriba. Sharti lake ni kuwa na alama 13 katika vipawa vikuu vya taaluma zote mbili. Kwa mfano, kasisi anayetaka usihiri huhitaji 13 za hekima na 13 za akili.

Nini hujumlishwa, nini hakijumlishwi

Kiini cha kanuni hizi ni swali moja: ni mambo yapi hutegemea mhusika mzima, na yapi hutegemea kila taaluma peke yake? Tuchukue mhusika aliyepanda mara tatu katika upiganaji na mara mbili katika usihiri. Jumla yake ni 5. Nyongeza yake ya umahiri hufuata jumla hiyo, nayo ni 3, sawa na ya mhusika yeyote wa jumla ya 5. Lakini mpiganaji kamili wa 5 hushambulia mara mbili katika zamu moja, na msihiri kamili wa 5 hutumia sihiri za daraja la tatu. Mhusika wetu hana hiki wala kile. Amepata upana, amelipa kwa kina.

Mfano ulio karibu nasi ni Fumo Liyongo. Masimulizi yanamweka kuwa shujaa wa vita na vilevile malenga. Alipofungwa, nguvu za mwili hazikutosha kumtoa. Ushairi ndio uliopeleka ujumbe kwa mamaye, tupa ikafichwa ndani ya mkate, ikapenyezwa gerezani. Katika lugha ya mchezo, Liyongo ni mpiganaji na mshairi, na kila taaluma ilifanya kazi ambayo nyingine isingeweza. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyeutunga utenzi wa shujaa huyo mwaka wa 1913, naye alikuwa mshairi, mwandishi wa hati, mchongaji na mwanamuziki. Dhana ya mtu mmoja mwenye taaluma nyingi haikuja kwetu na mchezo huu.

Neno moja, maana tatu

Turudi Mweiga. Mhusika wa mwenzetu alikuwa kasisi wa 3 na msihiri wa 2. Taaluma zote mbili hutumia sihiri, na kanuni huruhusu zijumlishwe ili kuhesabu nafasi za kutumia sihiri. Jumla ya 5 humpa nafasi nne za chini, tatu za kati, na mbili za hatua ya tatu. Lakini sihiri anazozijua huhesabiwa kwa kila taaluma peke yake: kama kasisi wa 3 hufika hatua ya pili, na kama msihiri wa 2 hubaki kwenye ya kwanza. Hivyo ana nafasi za hatua ya tatu bila kuwa na sihiri yoyote ya hatua hiyo. Anaweza tu kuzitumia nafasi hizo kwa sihiri ndogo, nyingine zikipata nguvu zaidi.

Karatasi yetu iliyaita yote "kiwango": kiwango cha mhusika, kiwango cha taaluma, kiwango cha sihiri. Tulikuwa tumefuata Kiingereza, ambacho nacho hutumia neno moja. Gygax mwenyewe alikiri katika kitabu cha 1978 kwamba maneno tofauti yalifikiriwa, lakini neno moja likabakizwa kwa sababu wachezaji walikuwa wamelizoea. Sisi hatujafungwa na mazoea hayo. Napendekeza "ngazi" kwa jumla ya mhusika, "cheo" kwa hatua aliyofikia katika kila taaluma, na "daraja" kwa uzito wa sihiri. Sasa hukumu inasomeka hivi: mhusika wa ngazi ya 5, mwenye cheo cha 3 cha ukasisi na cheo cha 2 cha usihiri, ana nafasi za daraja la tatu lakini hajui sihiri yoyote ya daraja hilo. Tulipoiandika upya sentensi hiyo, mwenzetu aliisoma mara moja, akacheka, akachukua dadu.

Hitimisho

Tumezoea kuunda istilahi za sayansi, sheria na tarakilishi. Michezo tumeiacha nyuma, ilhali mezani ndipo istilahi hujaribiwa na watu wasio na subira ya kufungua kamusi. Mwezi wa Januari mwaka wa 2023, kanuni za msingi za toleo la tano, pamoja na zile za kuunganisha taaluma, zilitolewa kwa leseni huria inayoruhusu mtu yeyote kuzitafsiri mradi ataje chanzo. Mlango u wazi. Wanachama wanaoona kwamba "taaluma", "ngazi", "cheo" na "daraja" hayafai wanaalikwa kuleta yaliyo bora, nasi tutayajaribu mezani.

Kiswahili kitukuzwe!