Ziwa la Kale kwenye Simu

Mwaka 2013 watafiti walichimba Kaitio, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, wakatoa nguzo nyembamba ya mashapo yenye urefu wa mita 216 hivi. Matabaka yake ni ya kati ya miaka milioni 1.9 na milioni 1.4 iliyopita, enzi za yule kijana wa Nariokotome, binadamu wa kale ambaye mifupa yake iligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984. Mashapo hayo yanatunzwa Minnesota, Marekani. Mwanafunzi wa Lodwar, huko huko Turkana, atayaonaje?

Katika tope kama hilo wataalamu hutafuta visukuku vidogo mno. Diatomu ni mwani wa seli moja wenye gamba la silika. Nyingi ni nyembamba kuliko unywele. Ostrakodi ni jamaa wa kamba, wana magamba mawili ya chokaa, na wengi hufikia milimita moja hivi. Kila aina ina maji yake. Diatomu ya Aulacoseira ikijaa, ziwa lilikuwa na maji baridi yanayokorogwa na upepo. Thalassiosira faurii ikitawala, chumvi na magadi vimepanda. Ila tahadhari: maji ya magadi, kama ya Turkana ya leo, huyeyusha silika. Tabaka lisilo na diatomu halithibitishi kwamba ziwa lilikauka. Hapo ostrakodi, wenye magamba ya chokaa, ndio mashahidi.

Sasa hadubini, inayotazama mashapo yaliyopakwa kwenye slaidi ya kioo. Kwa lenzi ya mara 40 jicho huona duara la nusu milimita tu. Ili kuimaliza sehemu ya slaidi ya sentimita 2 kwa 2, huku kila picha ikipandana kidogo na jirani yake, zinahitajika maelfu ya picha. Mota husogeza slaidi, kamera hupiga, programu huziunganisha kuwa picha moja pana. Faili linalotoka ni zito ajabu, lakini hukatwa vigae vidogo kwa viwango mbalimbali vya ukuzaji, na simu hupakua vile tu unavyovitazama. Hapo ndipo mtu wa Kakuma, nako Turkana, mwenye bando dogo anapopona.

Picha ya kitabuni imeteuliwa: diatomu nzima, safi, katikati. Picha pana haifichi vipande wala vumbi. Mtaalamu huhesabu magamba mia kadhaa kwa slaidi; akisema robo tatu ni Aulacoseira, mwingine aliyeko Lodwar anaweza kuhesabu upya na kumpinga. Kwangu hilo linazidi uzuri wote wa magamba hayo, nao si haba.

Visukuku vikubwa vya Turkana vimeshatangulia mtandaoni: tovuti ya African Fossils humwezesha yeyote kuyageuzageuza mafuvu kwa pande zote. Taasisi ya Bonde la Turkana, aliyoianzisha Richard Leakey, ina kituo Turkwel, si mbali na Lodwar. Wenye slaidi za Kaitio nao wazipige picha pana, waandike kina cha kila sampuli na kipimo cha mikromita, kisha waruhusu nakala ziwekwe kwenye kompyuta za shule za Lodwar na Kakuma zisizo na intaneti.